DAWA YA DENI NI KULIPA

Hakuna Mkenya aliyeshiriki harakati za mabadiliko asiyekijua Kifungu 2A. Kiliingizwa katika Katiba mwaka 1982 ili chama kimoja kitawale peke yake kwa nguvu ya sheria, na kikafutwa Desemba 1991, baada ya wengi kuwekwa kizuizini, wengine kukimbilia ng'ambo, na wengine kupoteza maisha yao katika maandamano ya Saba Saba ya 1990. Tulikijua kwa nambari yake kama mtu amjuavyo adui yake kwa jina.

Lakini kipo kifungu kingine, kikongwe kuliko hicho, ambacho hatukukiandika kwenye mabango wala kukitaja katika mikutano ya hadhara. Ni kifungu cha 5 cha Sheria ya Pensheni, Sura ya 189 ya Sheria za Kenya. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: hakuna afisa wa serikali aliye na haki kamili ya kulipwa pensheni, kiinua mgongo au malipo mengine kwa ajili ya utumishi wake uliopita; na hakuna lolote katika sheria hiyo linaloizuia serikali kumfuta kazi mtumishi wake wakati wowote bila fidia.

Muuguzi akeshe wodini miaka thelathini, askari polisi alinde mali za watu hadi nywele zigeuke mvi, karani aandike barua za serikali mpaka macho yafifie. Siku ya kuondoka sheria inamwambia kwamba anachokwenda kupokea hakukidai, amekirimiwa. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba kifungu hicho ndicho mzizi wa mateso ya wastaafu wetu, kwamba kinahusu demokrasia sawasawa na sanduku la kura, na kwamba wakati wa kuking'oa umepita zamani.

Swali la mzee mmoja

Miaka michache iliyopita mzee mmoja aliingia katika afisi yangu akiwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Aliajiriwa serikalini mwaka 1979, akastaafu 2016 akiwa na umri wa miaka 60. Alipokuja kwangu mwaka wa pili ulikuwa unakwisha na hajapokea hata senti. Kila mwezi alipanda basi la usiku kuja Nairobi, akasimama kwenye dirisha la afisi fulani, akaambiwa faili haionekani. Safari moja alitakiwa alete barua ya kuthibitishwa kazini, barua ambayo afisi za serikali yenyewe ziliandika na kuhifadhi nakala yake. Safari nyingine alitakiwa athibitishe kwamba yu hai, ilhali amesimama mbele ya aliyemwuliza.

Nilimweleza kwamba tunaweza kwenda mahakamani. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Wakili, nikiwashtaki, hawatanikasirikia waninyime kabisa?"

Nilitamani kumjibu mara moja kwamba jambo hilo haliwezekani katika nchi inayotawaliwa kwa sheria. Ningeweza kumtajia Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na Kifungu cha 57, kinachoitaka serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima. Lakini sheria inayohesabu pensheni yake, mistari michache tu kutoka mwanzo, ilikuwa imekwisha kumjibu kinyume. Mzee yule hakuwa amesoma Sura ya 189. Aliijua maana yake kwa jinsi alivyotendewa dirishani.

Hatimaye alilipwa, bila riba na bila neno la pole.

Hisani ya Mfalme

Sheria ya Pensheni ilianza kutumika 1946. Zama zile mtumishi wa serikali aliitumikia Taji ya Uingereza kwa ridhaa ya Taji hiyo, na alichopewa uzeeni kilihesabiwa kuwa hisani ya bwana kwa mtumishi mwaminifu. Mwaka 1963 bendera ikashushwa, nyingine ikapandishwa; mwaka 1964 tukawa Jamhuri. Mfalme akaenda zake, hisani yake tukaiweka kabatini na kuiita sheria ya nchi huru.

Jambo la ajabu ni kwamba sheria hiyo inajikanusha yenyewe. Tazama inavyopiga hesabu. Kwa kila mwezi kamili wa kazi, afisa huhesabiwa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wake. Aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, hupata robo tatu ya mshahara wake wa mwisho. Nani amewahi kuona sadaka inayopimwa kwa miezi ya jasho? Mtu akikupa zawadi hakuulizi umelima siku ngapi. Kinachoongezeka kila mwezi wa kazi kwa kipimo kinachojulikana tangu siku ya kuajiriwa kina jina moja tu: ni ujira ulioahirishwa. Mfanyakazi amekwisha kuutolea jasho, na serikali imebaki nao kama amana.

Wapo watakaosema kwamba watumishi hawakuchanga chochote katika mpango huo wa zamani, kwa hivyo hawana cha kudai. Hoja hii ni nyepesi. Mwenye kuajiri aliposema, "Nitakulipa hiki leo na kile utakapozeeka," na mwenye kuajiriwa akakubali, akaacha kutafuta kazi kwingine, akakaa miaka thelathini, basi mapatano yametimia. Kwa mahamali na kwa mwenye duka, hilo huitwa deni. Kwa nini likifika serikalini liitwe ukarimu?

Waliokingwa na walioachwa

Usidhani kwamba dola yetu haijui kuikinga pensheni. Inajua vizuri sana. Kifungu cha 160 cha Katiba kinasema kwamba mafao ya jaji aliyestaafu hayawezi kubadilishwa kwa namna ya kumpunja maadamu yu hai. Kifungu cha 151 kinaweka kinga kama hiyo kwa Rais na Naibu wa Rais waliostaafu. Na mwaka 2020 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kuwapa wabunge waliotumikia kati ya 1984 na 2001 pensheni ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Rais wa wakati huo alikataa kuutia sahihi, lakini tuliona jinsi kalamu inavyokimbia pale mwenye kuandika anapojiandikia mwenyewe.

Simwonei kijicho jaji. Kinga yake ina sababu njema: hakimu anayehofia uzee wake hawezi kumhukumu mkubwa kwa haki. Tuliliona hilo mwaka 1988, Bunge lilipoondoa usalama wa kazi wa majaji, nchi ikapiga kelele mpaka ukarudishwa 1990. Swali langu ni moja. Ikiwa jaji anahitaji kinga ili aweze kusema kweli mbele ya wakubwa, je, karani anahitaji nini?

Kamba shingoni mwa mtumishi

Kumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mbunge bila kura ya siri kupigwa. Watu walihesabu foleni kwa macho yao. Kisha katika sehemu kadhaa wakasikia afisa wa utawala akitangaza kwamba mlolongo mfupi ndio mrefu.

Tumewalaani maafisa wale, na wengine wao walistahili laana. Lakini tujiulize kwa haki: wote walikuwa waovu? Miongoni mwao walikuwamo wazazi wenye watoto shuleni, waliobakisha miaka miwili au mitatu wastaafu. Kila mmoja alijua kwamba kusema kweli siku ile kungemgharimu kazi, na kwamba akifutwa kazi miaka yake ishirini na mitano ingeyeyuka kama umande. Kukata tamaa kwao hakukuwa na udhuru mbele ya taifa, lakini kulikuwa na kifungu cha sheria nyuma yake. Dola iliyoshika pensheni ya mtumishi kama hisani imemfunga kamba shingoni, na haina haja ya kuivuta kila siku. Yatosha mtumishi ajue ipo.

Kamba hiyo haikukatika tulipopata vyama vingi. Afisa wa ugavi anayeona zabuni iliyoghushiwa, mhasibu anayeletewa hati ya malipo ya barabara isiyojengwa, hupiga hesabu ile ile ya 1988. Tunaunda tume za kupambana na ufisadi, tunawasihi mashahidi wajitokeze, halafu tunawaacha mashahidi wenyewe chini ya sheria inayowaambia kwamba uzee wao uko mikononi mwa wale wanaotakiwa kuwataja. Hapa ndipo pensheni inapokutana na mageuzi ya siasa. Mtumishi asiyekuwa na hakika ya kesho yake humtii mtu. Mwenye hakika nayo huitii sheria.

Miaka iliyoliwa na nzige

Sasa tutazame jinsi mageuzi yenyewe yalivyocheleweshwa, tukianza na walimu. Mwaka 1997 serikali ilikubaliana nao kuhusu nyongeza ya mshahara ya kulipwa kwa awamu. Ikalipa awamu ya kwanza, kisha ikasita, na malipo yakaanza tena 2003. Waliostaafu katika kipindi hicho walihesabiwa pensheni kwa mshahara wa zamani. Wakaenda Mahakama Kuu ya Nakuru, wakashinda 2008. Miaka mingi baada ya ushindi huo walikuwa bado wanaifuata haki yao kutoka mahakama hadi mahakama na kutoka afisi hadi afisi, huku wenzao wakizikwa mmoja mmoja.

Mwenzangu wakili akiniambia kwamba kifungu cha 5 kimekwisha makali, kwa kuwa Katiba ya 2010 inabatilisha kila sheria inayopingana nayo, nitamwonyesha walimu hao. Haki ambayo mtu wa miaka 70 hana budi kuishtakia ndipo aipate ni haki ya wenye nauli na wenye umri wa kusubiri.

Mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60. Kwa miaka mitano mzigo wa wastaafu wapya ukapungua. Nafasi hiyo ingetumika kujenga akiba, kwa maana mpango wa zamani haukuwa na akiba yoyote. Pensheni zililipwa, na bado zinalipwa, moja kwa moja kutoka hazina kuu, kodi ya leo ikifidia ahadi ya jana. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya mpango mpya wa kuchangia, mtumishi akitoa asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. Mpango huo ulianza 1 Januari 2021. Miaka minane na zaidi ilipotea. Walipoanza, waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa kwa lazima, na waliofikia umri huo wakaachiwa hiari.

Kwa hivyo asitokee mtu akatuambia kwamba kifungu cha 5 ni mzee anayejifia mwenyewe. Wale waliobaki katika mpango wa zamani, pamoja na wastaafu wote waliowatangulia, wataendelea kuishi chini yake kwa miongo ijayo. Wajane wao pia. Chini ya Sura ya 189, mstaafu akifa, pensheni ya wategemezi wake hukoma baada ya miaka mitano, kana kwamba njaa ya mjane nayo hustaafu.

Katika sekta ya binafsi mambo hayakuwa bora. NSSF iliundwa kwa sheria ya 1965. Tangu 2001 hadi mwanzo wa 2023 mchango wa juu kabisa ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa mwajiri, awe meneja wa benki au bawabu. Piga hesabu: ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 22 ni shilingi 105,600 kabla ya riba. Sheria mpya ya kurekebisha hali hiyo ilipitishwa 2013, ikakwama mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliibatilisha; Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifufua na makato ya asilimia 6 kwa kila upande yakaanza; Februari 2024 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo na kuirudisha kesi Mahakama ya Rufaa isikilizwe tena.

Wengi waliipinga sheria hiyo, wakiwamo wafanyakazi wenyewe, na sitawacheka. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mwaka 2003 Euro Bank ilipoporomoka, NSSF ilikuwa miongoni mwa mashirika ya umma yaliyokuwa yameweka amana humo. Kaunti na vyuo vikuu vya umma vimewakata wafanyakazi wao michango ya uzeeni, na mabilioni ya shilingi hayakuwasilishwa kwenye mifuko inayohusika. Hati ya mshahara yasema umekatwa. Mfuko wasema haujapokea. Mtu wa kawaida akifanya hivyo huitwa mwizi. Mkuu wa taasisi akifanya hivyo husema bajeti ilikuwa finyu.

Wale wasio na hati ya mshahara

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi wao hawakuwahi kuajiriwa na serikali wala kampuni. Walilima, walivua, walichuuza, walifua vyuma katika jua kali. Kwao mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa 2018 kuwafikia wote waliotimiza miaka 70, kiwango kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 67 kwa siku. Nasi tukumbuke kwamba kati ya miaka 60 na 70 ipo miaka kumi, ambayo mpango huo uliwaambia wazee waivuke kwa mbinu zao wenyewe.

Zamani tulijibu kwamba mzee hutunzwa na watoto wake. Desturi hiyo ni njema na isife. Lakini watoto hao wengi wako mjini bila kazi, na wenye kazi wanalea wadogo zao. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 57, imeweka mzigo huu juu ya familia na serikali kwa pamoja. Familia imebeba upande wake.

Tunadai nini

Tutaambiwa hazina haina fedha. Tunajua hali ya hazina, na hatuombi miujiza. Tunakubali kwamba wafanyakazi wachange na kwamba mpango wa zamani usirudi. Lakini mdaiwa mwaminifu huanza kwa kukiri deni, kisha huzungumzia namna ya kulipa. Serikali yetu haijakiri. Kwa hivyo tunadai:

Kwanza, Bunge likifute kifungu cha 5 cha Sheria ya Pensheni, na mahali pake paandikwe kwamba pensheni iliyochumwa ni mali ya aliyeichuma na ni deni la Jamhuri.

Pili, mstaafu alipwe ndani ya siku 60 tangu kustaafu. Kila siku ya kuchelewa iwe na riba, na kutafuta faili kuwe kazi ya afisi iliyoipoteza.

Tatu, anayefutwa kazi asipoteze miaka aliyokwisha kuitumikia. Akiwa ameiba, ashtakiwe, na mahakama iamue atalipa kiasi gani.

Nne, mkuu wa taasisi anayekata michango ya wafanyakazi asiiwasilishe ajibu yeye binafsi mahakamani.

Tano, wanachama wawachague wadhamini wao kwa kura ya siri, na hesabu za mifuko zitangazwe kila mwaka kwa lugha ambayo mchangaji anaielewa.

Sita, ukomo wa miaka mitano kwa wajane na wategemezi wasiojiweza uondolewe, na posho ya wazee wasio na pensheni ipande kadiri gharama ya maisha inavyopanda.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji katiba mpya. Linahitajika Bunge lililo tayari kuwapa watumishi wa umma sehemu ndogo ya kinga ambayo wakubwa wamejipa.

Ndugu msomaji, mbunge wako atakuja kukuomba kura. Kabla hajamaliza kuhesabu barabara na visima, msimamishe umwulize kama amewahi kukisoma kifungu cha 5 cha Sura ya 189, na atakipigia kura ipi siku kitakapoletwa Bungeni kifutwe. Mwulize mbele ya watu. Nenda na mzazi wako aliyestaafu asimame kando yako, na jibu la mbunge liandikwe. Kifungu 2A nacho kilionekana kama mwamba, mpaka wananchi walipoanza kukitaja kwa nambari yake.